Jiwe Linalokwaruza Kioo

Leo tunalinganisha almasi ya rangi na mawe mengine ya rangi.

Majuzi hapa Majengo mama mmoja alituonyesha jiwe la buluu. Alikuwa ameuza mbuzi wawili kulinunua. Muuzaji alilikwaruza kwenye kioo, alama ikabaki, akasema, "Unaona? Almasi ya buluu hiyo!"

Lakini kioo hakithibitishi kitu. Ugumu wa mawe hupimwa kwa namba 1 hadi 10. Kioo ni kama 5 na nusu. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, ni 6 hadi 7. Yakuti samawi, kama ile ya bonde la Umba, ni 9. Almasi ni 10. Basi yote matatu hukwaruza kioo! Hata mchanga wa kawaida hukwaruza. Nyundo nayo msiijaribu kabisa: almasi ni ngumu, lakini ikigongwa hupasuka.

Almasi za rangi ni adimu mno. Ile ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 alizawadiwa Elizabeth wa Uingereza, kabla hajawa malkia.

Tulimwomba mama aligeuzegeuze jiwe juani. Upande mmoja buluu, upande mwingine zambarau. Almasi haigeuki rangi hivyo; tanzanaiti hugeuka sana.

"Kwa hiyo mbuzi wangu wamekwenda bure?" akauliza.

Huenda sivyo, mama. Tanzanaiti nayo ina bei yake. Tukamwambia alipeleke soko la madini likapimwe, na asimwuzie mtu njiani.