Mama Anakuja Matsue, na Tokyo Sina Nauli

Mwanangu wa Matsue,

Barua yako nimeisoma. Mama anakuja huko Japani mwishoni mwa Aprili, magoti yanamsumbua, na hela yako ya mwanafunzi haifiki Tokyo. Unaona aibu kumtoa Mwanza, anakouza dagaa pale Mwaloni, uje umwonyeshe ulichokiita "bwawa tu".

Ziwa Shinji la hapo Matsue ni dogo kweli: kilomita za mraba kama 79, na Victoria inapita 68,000. Usishindanishe. Mwamshe mapema mkawaone wavuvi wa shijimi, kome wadogo weusi, wakikwangua chini ya ziwa kwa vikapu vya chuma vyenye mpini mrefu. Maji yale yana chumvi kidogo, na kome hao huyapenda. Kila mvuvi amewekewa kiwango cha kuvua kwa siku. Hapo muuza dagaa atakuwa na maswali mpaka uchoke kutafsiri! Baadaye mnywe supu ya miso ya shijimi.

Ngome ya Matsue, ya mwaka 1611, itazameni kutoka bustanini, maana ngazi za ndani ni kali. Mashua za Horikawa, zinazozunguka mahandaki ya maji ya ngome, kila mtu atakusifia. Mimi nasita. Abiria huvua viatu na kukaa sakafuni kwa dakika 50 hivi, na kwenye madaraja ya chini paa hushushwa, wote mkainama. Muulize mwenyewe kwanza.

Hela kidogo uliyonayo itumie Yuushien, bustani iliyo katika kisiwa cha Daikonshima katika ziwa jirani la Nakaumi. Basi linatoka stesheni ya Matsue. Kisiwa hicho kinasifika kwa maua ya botan, mapana kama sahani, na msimu wake ndio huo anaokuja.

Jioni nendeni Jumba la Sanaa la Shimane. Kuanzia Machi hadi Septemba hufungwa nusu saa baada ya jua kuzama, ili watu walitazame jua likizamia ziwani. Nje, sungura 12 wa shaba wanakimbilia majini. Watu humshika wa pili kwa kutafuta bahati. Mama akikataa kumshika, usimlazimishe.

Sasa hiyo aibu. Mpigie leo umwambie Tokyo haimo, kabla hajawaahidi majirani picha za minara. Na aje na viatu vya kuvulika upesi.

Shangazi