Kumfuga Vunjajungu

Vunjajungu ni mdudu wa majanini, mwenye kichwa kigeukacho huku na huku, na mikono miwili yenye miiba aikunjayo kama mtu aombaye. Zamani watu walisadiki kwamba amgusaye atavunja chungu, ndiyo asili ya jina lake. Lakini hana dhara kwa vyombo wala kwa watu.

Mtoto atakaye kumfuga yampasa atwae chombo kirefu, akifunike kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa, atie na kijiti ndani. Kimo cha chombo kiwe kama mara 3 ya urefu wa mdudu. Akae peke yake, maana vunjajungu hulana. Chakula chake ni nzi na panzi wadogo walio hai.

Jambo kubwa ni unyevu. Vunjajungu hukua kwa kujivua ngozi, mara kwa mara, mpaka awe mzima. Kwanza huacha kula. Kisha hujining'iniza kichwa chini, akatoka polepole katika ngozi ya kale. Hewa ikiwa kavu mno, miguu hunaswa ndani, naye huwa kilema au hufa. Kwa hiyo chombo kinyunyiziwe matone machache ya maji, ambayo yeye huyanywa pia. Lakini maji yakituama, na hewa isipopita, kuvu huota na kumdhuru.

Wakati wa kujivua asiguswe, wala asitiliwe chakula, asije akasumbuliwa akaanguka. Mwili mpya ni laini, hata upate ugumu. Hapo mfugaji mwema hutazama tu, akangoja.