Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal, Mjane Aliyesamehe

Enyi wakatekumeni, katika sala ya Baba Yetu liko ombi moja linalowashinda wengi. Maneno mengine ya sala hiyo hata mtoto mdogo huyasema kwa furaha. Lakini afikapo penye kuomba msamaha kwa kipimo kile kile anachowasamehea wengine, mtu mwenye jeraha moyoni husita, au huyatamka kwa midomo tu. Somo hili lawaonyesha mwanamke ambaye ombi hilo lilimtaabisha kwa miaka mingi.

Yoana alizaliwa Dijon, mji wa Ufaransa, tarehe 23 Januari 1572. Baba yake, Bénigne Frémyot, alikuwa hakimu mkubwa. Mama yake alifariki Yoana angali mtoto wa mwaka mmoja na nusu, naye akalelewa na baba. Mwaka 1592 aliolewa na Christophe de Rabutin, bwana wa Chantal, wakakaa katika ngome ya Bourbilly. Mali ya nyumba ile ilikuwa imeharibika kwa madeni. Yoana alishika hesabu mwenyewe, akawasimamia watumishi, akataka Misa isomwe kila siku. Maskini walipofika mlangoni aliwagawia mkate. Yasimuliwa kwamba wengine walizunguka nyumba wakarudi kuomba mara ya pili. Yoana aliwatambua, akawapa tena.

Mungu aliwajalia watoto sita. Wawili walikufa wangali wachanga. Wakabaki mvulana mmoja na wasichana watatu.

Mwaka 1601, yule mdogo wa mwisho akiwa bado na siku chache tu, bwana wa Chantal alikwenda kuwinda pamoja na rafiki yake. Katikati ya vichaka rafiki huyo alidhani ameona kulungu, akapiga bunduki, kumbe ni mwenzake. Bwana wa Chantal aliishi siku tisa kwa maumivu makali. Katika siku hizo alimsamehe aliyempiga, tena akaamuru msamaha wake uandikwe katika kitabu cha parokia, ili asiwepo mtu wa kulipiza kisasi baada ya kifo chake. Ninyi mnaokaa karibu na pori mwajua jinsi kilio cha mwindaji kinavyoweza kugeuka kuwa kesi, na kesi kuwa uadui wa koo mbili. Bwana huyo alitaka kuufunga mlango huo kabla hajafa.

Mume alisamehe kwa siku tisa, mke hakuweza. Neno hili lisifichwe, maana wengi hudhani watakatifu walizaliwa na mioyo isiyoumia. Yoana alikuwa na miaka 29. Alilia hata akadhoofika, na kumwona yule mtu kulikuwa kwake kama kufunuliwa jeraha upya.

Tena matatizo mengine yakaongezeka. Baba mkwe wake, mzee mwenye hasira, alimwita aje kukaa kwake Monthelon pamoja na watoto, akitisha kuwanyima urithi asipotii. Yoana alitii, akakaa huko karibu miaka saba. Humo ndani mtumishi mmoja wa kike alikuwa ametwaa mamlaka yote, hata mjane huyu akawa kama mgeni asiye na sauti. Angeweza kujibu ubaya kwa ubaya. Badala yake aliwaosha na kuwavika watoto wa mtumishi huyo, akawafundisha kusoma pamoja na watoto wake mwenyewe. Wajane wanaokaa penye ukoo wa mume watafahamu uzito wa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote.

Wakati wa Kwaresima ya mwaka 1604 Yoana alikwenda Dijon kusikiliza mahubiri ya Askofu Fransisko wa Sales. Askofu huyo akawa baba na mwongozi wa roho yake. Kuhusu yule rafiki wa mume hakumlazimisha. Alimwandikia kwamba hana lazima ya kumtafuta. Lakini mtu yule akitaka kuja, ampokee kwa upole, hata kama moyo wake utatetemeka. Tazameni vema shauri hili. Kusikia uchungu si dhambi. Dhambi ni kuulisha uchungu huo, kuutunza kama mtu atunzavyo moto usizimike. Yoana alikubali kuonana naye. Na baadaye, mtu huyo alipopata mtoto, Yoana alikuwa mama wa batizo wa mtoto huyo.

Mwaka 1610 ulikuja msiba na kuagana. Charlotte, yule aliyekuwa mchanga baba yake alipouawa, alifariki. Binti mkubwa alikuwa amekwisha olewa, na binti wa pili angefuatana na mama. Mvulana, Celse-Bénigne, alikuwa amewekwa kwa babu yake apate kusoma. Yoana alipotaka kuondoka kwenda Annecy kuanzisha shirika jipya la masista, kijana huyo alijilaza kizingitini pa mlango ili mama asipite. Mama alisimama, akalia machozi mengi, kisha akapita juu yake.

Wengi humlaumu kwa tendo hilo, na lawama hiyo si ya kushangaza. Lakini haifai kusahau kwamba hakuwatupa watoto wake: alikuwa amempangia kila mmoja mahali pake, akaendelea kuwaandikia barua na kuwashughulikia maisha yake yote. Hata hivyo mlango ule ulimwuma kama ulivyomwuma mwanawe.

Tarehe 6 Juni 1610, pamoja na wenzake wawili, alianza Shirika la Visitasio, jina linalokumbusha safari ya Bikira Maria kwenda kumtembelea Elizabeti. Walipokelewa humo hata wajane, wazee na wanawake wenye afya dhaifu, ambao monasteri nyingine ziliwakataa kwa ukali wa kanuni zao. Mwanzoni masista walitoka kuwahudumia wagonjwa majumbani. Baadaye waliagizwa kukaa ndani ya monasteri.

Misiba haikumwacha. Mwaka 1617 alifariki binti yake mkubwa, mwaka ule ule aliofiwa na mumewe. Mwaka 1622 alifariki Fransisko wa Sales. Mwaka 1627 Celse-Bénigne aliuawa vitani katika kisiwa cha Ré, akaacha mtoto mmoja wa kike. Kisha tauni ikaingia Annecy. Wakubwa walimsihi Yoana akimbie, naye akakataa. Akatoa mali ya monasteri kwa kuwasaidia wagonjwa.

Tena alikuwa na taabu ambayo macho ya watu hayakuiona. Kwa miaka mingi mashaka juu ya imani yalimsumbua, na sala ikawa kavu kwake. Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, aliyemjua sana, alishuhudia mateso hayo. Masista waliona tu mama mtulivu mwenye kufanya kazi. Alipoomba bila kusikia utamu wowote, aliendelea kuomba.

Alifariki Moulins tarehe 13 Desemba 1641, mwenye umri wa miaka 69, akiwa safarini kurudi kwa masista wake. Nyumba za Shirika zilikuwa zimezidi 80. Mwili wake ulirudishwa Annecy, ukalazwa mahali alipozikwa Fransisko wa Sales. Papa Klementi XIII alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1767, na siku hizi Eklezya humkumbuka tarehe 12 Agosti.