Mada: Solistisi na Sikukuu za Jadi

Swali: Watu wa Ulaya ya kaskazini waliwasha mioto kila Juni kuadhimisha jua. Kwa nini mkulima wa Nyakanazi, mkoani Kagera, hana sababu ya kufanya hivyo?

Anza na maana. Solistisi ni siku ambayo jua la utosi hufika mwisho wa safari yake: takriban tarehe 21 Juni kwenye Tropiki ya Kansa, na 22 Desemba kwenye Tropiki ya Kaprikoni.

Hoja ya 1: Latitudo. London, mchana wa Juni huzidi saa 16. Wa Desemba haufiki saa 8. Nyakanazi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, hivyo tofauti hiyo ni dakika 20 hivi. Huwezi kuihisi.

Hoja ya 2: Chakula. Ulaya, jua likipungua mazao hayakui. Ndiyo maana jua lilipewa sikukuu tangu kabla ya Ukristo. Baadaye Kanisa liliadhimisha Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na mioto ikaendelea. Nyakanazi jua lipo mwaka mzima. Kinachokosekana ni mvua. Juni ni kiangazi, na mkulima husubiri mvua za Septemba au Oktoba.

Hoja ya 3: Mfano wa kulinganisha. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Zanzibar, nao huchoma kibanda cha makuti. Asili yake ni Nairuzi ya Uajemi, iliyofuata ikwinoksi ya Machi. Kalenda yake ya siku 365 haina mwaka mrefu, hivyo sikukuu imehama na sasa huangukia Julai. Usiiite solistisi.

Pima mwenyewe. Simamisha kijiti cha mita 1 Nyakanazi karibu saa 7 mchana. Tarehe 21 Juni kivuli huelekea kusini, sentimita 50 hivi. Tarehe 22 Desemba huelekea kaskazini, sentimita 37 hivi.

Makosa yanayopoteza alama
- Kuandika kuwa Juni ina mchana mrefu duniani kote. Nyakanazi ndipo mchana huwa mfupi kuliko wote.
- Kuandika "wapagani" kana kwamba ni tusi. Andika "wafuasi wa imani za jadi", kisha eleza walichokitegemea.

Hitimisho la jibu lako: Watu huadhimisha kile ambacho maisha yao hukitegemea na ambacho huweza kukosekana.