Kisonono: Kujitibu peke yako ni kumdhulumu mkeo

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu hapa Bukoba. Ijumaa moja, baada ya swala mjini Muleba, ndugu mmoja alinivuta pembeni. Ametibiwa kisonono mara mbili, kimerudi. "Ustadh, hiki si cha kutupiwa kweli?" Nikamuuliza: mkeo naye ametibiwa? Akainamisha kichwa. Mke hajaambiwa kitu.

Ndugu msomaji, tatizo liko hapo. Kisonono si uchawi. Kinaletwa na bakteria, aliyegunduliwa na daktari Mjerumani, Albert Neisser, mwaka 1879, na huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanamume mara nyingi huona dalili ndani ya siku chache: maumivu ya kukojoa na kutokwa usaha. Mwanamke anaweza asione dalili yoyote, huku bakteria akipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kumfanya mgumba. Akijifungua, mtoto anaweza kuambukizwa macho na kupofuka. Mume aliyejitibu kwa siri huambukizwa tena nyumbani, kisha kesho anamlaumu mkewe kwamba hazai!

Wengine hununua vidonge dukani, wakipata nafuu wanaacha. Matumizi ya namna hiyo ndiyo yanayokifanya kisonono kuwa sugu. Penisilini, iliyokuwa ikikitibu zamani, leo haitegemewi tena.

Sisi wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, hatuna udhuru wa kupuuza. Utafiti uliofanyika vijijini kwa jirani zetu wa Mwanza, 1991 hadi 1994, ulionesha kuwa tiba bora ya magonjwa ya zinaa ilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Atasema mtu: namsitiri mke wangu. Hapana. Sitara ni kutotangaza dhambi, si kumwacha mwenzio augue bila kujua. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba na amekataza kudhuriana. Toba ni baina yako na Mola wako. Tiba ni ya nyote, na mwenye wake wawili awapeleke wote.

Ndugu yule aliniambia anaogopa ndoa itavunjika. Huenda mkewe akakasirika, na ana haki. Lakini hasira hupoa. Mirija iliyoziba na jicho la mtoto lililopofuka, je?

Wabillahi tawfiq.