Mwalimu, Safari Hii Kaa Upakuliwe

Mwalimu wangu wa Bwera,

Barua yako imefika salama, kurasa nne, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni ambao kustaafu hakukuuharibu. Kwa ajili ya wasomaji wengine niieleze kwa ufupi. Una miaka 61, ni mjane, umefundisha shule ya msingi hadi umri wa kustaafu. Una shamba la kahawa kule juu Ihandiro na meza ya biashara Mpondwe, ndiko ulikokinoa Kiswahili chako kwa kubishana bei na Wanande wanaovuka mpaka kutoka Kasindi. Kifungua mimba wako ni muuguzi Ubelgiji. Amekulipia safari ya siku 10 Italia, kwenye vilima vya Piemonte: wewe, yeye na watu wengine 6, gari dogo moja, hoteli mbili tu, mwendo wa kobe. Kazi yenu itakuwa kula, kutembelea mashamba ya mizabibu na kuonja mvinyo. Tangu akuambie, usingizi umekukimbia.

Unauliza kama ni halali kwa Msabato kuingia ghala la mvinyo. Unauliza utakula nini kwenye meza yenye uma tatu. Na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko zote, unauliza kama ni vibaya kumwomba binti akupe hizo pesa mkononi ununue mabati.

Nianzie kwenye mabati, maana herufi ndogo huwa ndizo zenye barua yenyewe.

Kama paa lingekuwa linavuja, au mjukuu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, ningekuambia mpigie simu leo hii umwambie, "Mwanangu, safari baadaye." Angeelewa, na isingekuwa aibu. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba nyumba aliiezeka yeye mwaka jana, na karo ya yule wa Kasese amemaliza kulipa. Mabati unayoyataka ni ya vyumba vya kupangisha karibu na mpaka. Ni wazo zuri la biashara, na siku moja mtalizungumza. Ila usilichanganye na zawadi hii. Mtu akikuletea kitenge humwambii akirudishe dukani akuletee sukari.

Sasa nikuambie nilichokiona ambacho naona wewe hukukiona. Ukurasa wa pili umeandika hivi: "Akija nyumbani watu wanajaa, hata kuongea naye sipati." Umeiandika haraka, ukaendelea na bei ya tikiti. Mimi nilisimama hapo.

Najua siku hizo zinavyokwenda. Binti anashuka Bwera na masanduku yake, na kabla hajavua viatu uani kumejaa: shangazi kutoka Karambi, wajomba kutoka Kasese, ndugu wa Beni waliovuka asubuhi. Wewe uko jikoni. Unasonga bundu kwenye sufuria inayohitaji mikono miwili na goti moja la kuizuia, sombe inachemka pembeni, samaki wa Katwe wanasubiri zamu, moshi machoni. Unapakua, unaagiza maji ya kunawa, unahesabu kama nyama itafika kwa kila mtu. Ukija kukaa, watu wanachokonoa meno na sahani yako ina mchuzi na mfupa. Usiku anakuja kukaa nawe kitandani, anaanza kukusimulia habari za kazini, na wewe umeshasinzia. Baada ya wiki tatu anarudi Ubelgiji akiwa amemwona mama yake mgongo tu.

Umefikiri amenunua mvinyo. Kwa ninavyomsoma, amenunua siku 10 ambazo mama yake hatakuwa jikoni. Kule mlo mmoja wa mchana unaweza kuchukua saa mbili na nusu au tatu, sahani moja baada ya nyingine, na hakuna mtu wa kubisha hodi. Angekuomba mkae hivyo nyumbani kwako, ungemwambia, "Ngoja kwanza nitie kuni." Ndiyo maana amekwenda kuitafuta meza mahali ambapo jiko si lako.

Na hapa, Mwalimu, nikutanie kidogo. Umefundisha watoto wa watu kupokea daftari kwa mikono miwili, lakini wewe mwenyewe kupokea kunakushinda. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe unataka jembe tangu siku ya kwanza, tena unauliza kama utaruhusiwa kusaidia kuosha vyombo! Hutaruhusiwa. Utaona vibaya siku mbili za mwanzo. Mikono itatafuta kazi, utajikuta unakusanya sahani za wenzako. Binti akikushika mkono akuambie uziache, ziache.

Sasa mambo ya dini, ambayo siyapuuzi. Sitakushawishi uonje hata tone. Msimamo wako wa miaka yote si wa kuweka rehani kwa sababu ya tikiti. Ninachokusahihisha ni dhana kwamba mtu asiyekunywa hana la kufanya kwenye shamba la mizabibu. Mwalimu, wewe unalima kahawa na huinywi. Unajua lini tunda limeiva na lini mchumaji amechanganya mbichi ili kilo ziongezeke. Unajua kahawa ya mteremko wa juu inavyotofautiana na ya bondeni, na mvua ikinyesha wakati wa kuanika roho inavyokwenda mbio. Yote hayo umeyajua bila kikombe. Mashamba ya Langhe na Roero huko Piemonte, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na ya Monferrato, nayo yako kwenye miteremko, na mkulima wake ana hofu zile zile za mvua na bei. Zabibu yao kuu, Nebbiolo, hukawia kuiva, mara nyingi huvunwa Oktoba. Mvinyo wa Barolo unaotokana nayo kisheria hukaa miezi isiyopungua 38 kabla ya kuuzwa, na 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Fikiria mkulima wa kwenu akiambiwa asubiri zaidi ya miaka mitatu ndipo auze! Waulize wanaishije muda huo wote, nani anawakopesha. Uliza kilo ya zabibu inanunuliwa kwa bei gani na mchumaji analipwaje. Siku hizi wachumaji wengi ni wahamiaji, wakiwemo Waafrika, na kama mtafika wakati wa mavuno unaweza kukutana nao. Katika watu 8 wa gari lenu, sidhani kama kutakuwa na mwingine anayeweza kuuliza maswali hayo.

Kuhusu kuonja kwenyewe, usiogope glasi. Humiminwa kidogo, na hata mabingwa wa kazi hiyo huonja kisha wakatema kwenye chombo kilichowekwa mezani kwa ajili hiyo, tena mbele za watu, bila aibu. Anayekataa husema "hapana, asante" na mazungumzo yanaendelea. Penye hatari kwako ni jikoni. Kule kuna nyama ya ng'ombe inayopikwa ndani ya Barolo kwa saa nyingi, na nguruwe huingia kwenye vyakula vingi bila kutangazwa. Mwambie binti aandike mapema kwa waandaaji wa safari, kwa maandishi, si kwa simu: mama hatumii pombe hata iliyopikwa, hali nguruwe, na Jumamosi hasafiri kwenda kuonja. Kundi la watu 8 hupangika. Uzuri wa kundi dogo ni huo. Aulize pia kuhusu nyama mbichi, maana Piemonte wana sahani ya nyama ya ndama iliyokatwakatwa vipande vidogo, ikatiwa mafuta na limau, ikaliwa hivyo hivyo bila kuona moto. Ni bora uijue ukiwa Bwera kuliko kuijulia mdomoni.

Mzee wa kanisa mwambie wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na jirani. Mwambie unakwenda kukaa na mwanao, na kwamba mashamba mtakayoyaona ni ya zabibu. Ukinyamaza, maneno yatasafiri kabla yako.

Umeniuliza utakula nini, kana kwamba unakwenda kwa watu wasiojua njaa. Mahindi yalipotoka Amerika na kufika kaskazini mwa Italia, wakulima maskini waliyageuza kuwa polenta, unga wa mahindi unaosongwa kwenye maji ya moto hadi ukashikana. Utautambua kwa mbali: ni posho. Katika karne za 18 na 19 wengi walikula huo tu, asubuhi na jioni, wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini ambao huchubua ngozi, huharisha na hatimaye huvuruga akili. Watu walikufa kwa posho isiyo na kitoweo, Mwalimu. Leo polenta hiyo hiyo huletwa mezani na jibini juu, na watu huilipia pesa nyingi. Mji wa Alba, huko huko Piemonte, ndipo ilipoanza kampuni ya Ferrero, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili ilichanganya kakao na njugu za miti ya vilima vile, maana kakao ilikuwa haba na njugu zilikuwa tele; mwaka 1964 ikazaliwa Nutella. Kakao unayoiona ikivuka kutoka Beni ndiyo waliyokuwa wakiililia.

Na kuna jambo moja ambalo binti yako huenda halijui, mpelekee wewe. Karibu na Alba kuna mji mdogo wa Bra. Hapo ndipo lilipoota vuguvugu la Slow Food, lililoanzishwa na Carlo Petrini mwaka 1986, la watu wanaotaka chakula kiwe kizuri, safi na cha haki kwa anayekilima, na kiliwe bila papara. Vuguvugu hilo leo liko katika nchi nyingi. Mwaka 2022 wanachama walimchagua rais mpya, na aliyechaguliwa ni Edward Mukiibi, Mganda, mtaalamu wa kilimo. Kwa hiyo wakikuuliza mezani unatoka wapi, jibu kwa sauti ya darasani.

Usiende mikono mitupu pia, najua hutaweza. Nyama na maziwa ni marufuku kuingiza Ulaya, hata samli ya kopo. Kahawa yako ya Ihandiro, iliyokaangwa na kufungwa vizuri, haina shida. Mpe mwenye shamba la kwanza mtakalofika. Wewe huinywi, yeye atainywa, na mtakuwa na la kuzungumza.

Karatasi sasa, haraka. Kama huna pasipoti, huna haja ya kufika Kampala; ofisi ya Mbarara inatoa. Ombi la visa ya Schengen hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo ukikaa Italia 10 na kwa binti 4, ni Italia. Ukitaka kukaa kwa binti mwezi mzima, mambo yanageuka na ni Ubelgiji. Ada ni euro 90 na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya kiwango cha euro 30,000 au zaidi. Ombi lipelekwe si zaidi ya miezi 6 wala si chini ya siku 15 kabla ya safari, na wewe usingoje hizo 15. Weka pamoja karatasi za pensheni, za shamba, taarifa ya benki na barua ya mwaliko ya binti. Visa hunyimwa hata watu waadilifu, kwa hiyo binti aulize sasa hivi kama wenye safari watamrudishia pesa ikitokea hivyo. Ukinyimwa, usijisemee kwamba Mungu amekataa. Ni karani aliyesoma karatasi, na ombi jipya linaruhusiwa.

Mpigie leo kabla hajaingia zamu ya usiku. Usianze na visa, wala na mabati. Mwulize vile vilima ni vikali kiasi gani, na kama viatu vyako vya shambani vitafaa au anunue vingine.