KAZI IPI ITANGULIE?
Somo la kupanga zamu za kazi katika karakana

Wahenga walinena kuwa mipango si matumizi. Walinena kweli, lakini siku hizi watu wengi huichukua methali hiyo kama ruhusa ya kutopanga chochote! Katika makala haya nataka kukuonyesha kuwa kubadilisha tu utaratibu wa kazi, bila kununua hata msumari, kunaweza kumwokolea fundi siku nzima.

Somo lenyewe ni tawi la uhandisi wa viwandani. Mimi nitaliita upangaji wa zamu za kazi. Swali lake ni moja tu: ukiwa na kazi nyingi na mashine chache, ipi itangulie na ipi ifuate? Usidhani ni swali la kitoto. Wahandisi wamelitafiti kwa miaka mingi, na bado halijaisha.

KARAKANA YA MFANO

Tuanzie hapa kwetu Ngoliba. Mjomba wangu ni fundi wa vyuma. Karakana yake ina mashine moja ya kuchomelea na kompresa moja ya kupulizia rangi. Yeye huchomelea, na kijana wake wa kazi hupiga rangi. Kila kitu lazima kichomelewe kwanza, ndipo kipigwe rangi. Huwezi kupaka rangi geti ambalo bado ni vipande! Kukausha hakuhitaji mashine, kwani jua letu unalijua, kwa hivyo hatutakuhesabu.

Likizo ya Desemba iliyopita mjomba alikuwa na kazi tano. Nilimwuliza kila moja ingechukua saa ngapi, nikaandika kwenye daftari langu kwa jinsi wateja walivyofika:

Geti: kuchomelea saa 7, rangi saa 4.
Kitanda: kuchomelea saa 5, rangi saa 1.
Madawati ya chekechea: kuchomelea saa 5, rangi saa 6.
Mlango: kuchomelea saa 3, rangi saa 5.
Dirisha: kuchomelea saa 2, rangi saa 3.

Ukijumlisha, kuchomelea ni saa 22 na rangi ni saa 19. Madawati ndiyo yaliyokuwa na haraka, maana chekechea ilikuwa ifunguliwe na watoto hawangekaa sakafuni. Yalitakiwa asubuhi ya siku ya tatu. Karakana hufanya kazi saa 8 kwa siku, kwa hivyo yalipaswa kuwa tayari kabla ya saa 16 za kazi kupita.

ALIYEFIKA KWANZA AHUDUMIWE KWANZA?

Desturi ya mafundi wengi ni kufuata foleni. Haya, tuifuate tuone.

Geti linachomelewa mpaka saa ya 7. Wakati huo wote kijana wa rangi ameketi tu akitazama magari ya barabara ya Garissa. Geti linaisha rangi saa ya 11. Kitanda kinatoka kuchomelewa saa ya 12, kinaisha rangi saa ya 13. Kijana anaketi tena. Madawati yanachomelewa mpaka saa ya 17, rangi inaisha saa ya 23. Mlango ulikuwa tayari tangu saa ya 20 lakini unangoja rangi, unaisha saa ya 28. Dirisha, ambalo ni kazi ndogo kuliko zote, linatoka saa ya 31!

Yaani kazi ya rangi ya saa 19 imemaliza saa 31. Saa 12 zimepotea hivi hivi tu. Na madawati yametoka saa ya 23, siku ya tatu jioni, wakati watoto wamekwisha kuja na kwenda.

KANUNI YA JOHNSON

Mwaka 1954 mwanahisabati wa Marekani, S. M. Johnson, alichapisha kanuni ya kupanga kazi zinazopitia mashine mbili, ya kwanza kisha ya pili. Kanuni ni nyepesi, hata wa Kidato cha Kwanza ataielewa:

Kwanza, tafuta muda mfupi kuliko yote katika orodha.
Pili, ukiwa ni wa mashine ya kwanza, kazi hiyo iweke mwanzoni mwa foleni. Ukiwa ni wa mashine ya pili, iweke mwishoni.
Tatu, ifute kazi hiyo katika orodha, kisha rudia na zilizobaki, ukijaza foleni kutoka pande zote mbili kuelekea katikati.

Tujaribu. Muda mfupi kuliko yote ni saa 1, rangi ya kitanda. Hiyo ni mashine ya pili, basi kitanda kiende mwisho kabisa. Unaofuata ni saa 2, kuchomelea dirisha. Hiyo ni mashine ya kwanza, basi dirisha litangulie. Kisha saa 3, kuchomelea mlango: mlango uwe wa pili. Zimebaki geti na madawati. Mfupi hapo ni saa 4, rangi ya geti: geti liwe la pili kutoka mwisho. Madawati yanaingia katikati.

Foleni mpya ni hii: dirisha, mlango, madawati, geti, kitanda.

Hesabu tena. Dirisha linachomelewa mpaka saa ya 2, rangi inaisha saa ya 5. Mlango unachomelewa mpaka saa ya 5, rangi inaisha saa ya 10. Madawati yanachomelewa mpaka saa ya 10, rangi inaisha saa ya 16. Geti linachomelewa mpaka saa ya 17, rangi inaisha saa ya 21. Kitanda kinachomelewa mpaka saa ya 22, rangi inaisha saa ya 23. Kwisha!

Kutoka 31 hadi 23 ni saa 8, siku nzima ya kazi. Madawati nayo yametoka saa ya 16, mwisho wa siku ya pili, sawasawa na yalivyotakiwa.

Je, tunaweza kushuka chini ya 23? Hatuwezi. Kuchomelea peke yake ni saa 22, na kitu cha mwisho kuchomelewa lazima kipigwe rangi, na rangi fupi kuliko zote ni ya saa 1. Ishirini na mbili jumlisha moja ni ishirini na tatu. Hapo hata mchawi hatuongezei kitu.

Siri ya kanuni hii iko wapi? Kazi zinazochomelewa haraka zinatangulia ili mtu wa rangi aanze mapema. Kazi zenye rangi fupi zinakuwa za mwisho ili mchomeleaji akimaliza, mtu wa rangi asibaki na mlima wa kazi.

SHINGO YA CHUPA

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike makala haya. Mjomba alikuwa akiweka pesa anunue kompresa ya pili na kuajiri mtu wa pili wa rangi. Alikuwa akiona vitu vinarundikana vikingoja rangi, akasema, "Kijana wangu, rangi ndiyo inanichelewesha."

Nikakaa na daftari nikapiga hesabu. Tukifuata foleni ile ya zamani, lakini tuwe na kompresa mbili: geti saa ya 11, kitanda 13, madawati 23, mlango 25, dirisha 26. Jumla saa 26. Umeona? Kompresa mbili kwa utaratibu mbaya ni saa 26, na kompresa moja kwa utaratibu mzuri ni saa 23. Na madawati hayakusogea hata kidogo, bado ni saa ya 23! Pesa zingetoka mfukoni na watoto wangekaa sakafuni vilevile.

Kazi katika karakana ni kama maji. Mtungi wa lita 20 uujaze utakavyo, maji yatatoka kwa upana wa mdomo wake tu. Ukiunganisha mpira mwembamba na bomba nene, wembamba ndio utakaoamua. Katika kazi zile tano, wembamba ulikuwa katika kuchomelea, saa 22, wala si katika rangi. Rundo la vitu lilimdanganya mjomba macho.

HAKI YA ALIYETANGULIA

Mwenzangu mmoja wa Chama cha Kiswahili aliposoma nakala ya kwanza aliniuliza, "Na mwenye geti je? Si ndiye alifika kwanza?" Swali zuri, na sitalikwepa.

Ni kweli, mwenye geti anangoja mpaka saa ya 21 badala ya 11, na mwenye kitanda saa ya 23 badala ya 13. Hao wawili wanapoteza saa 10 kila mmoja. Lakini mwenye dirisha anapata saa 26, mwenye mlango saa 18, na chekechea saa 7. Ukichukua wastani, kila mteja alikuwa akingoja saa 21.2, sasa ni saa 15. Hesabu inatuambia faida ni kubwa kuliko hasara. Haituambii kama ni haki. Hilo ni la binadamu kuamua.

Mjomba aliamua hivi: aliwapigia simu wote wawili akawaeleza. Mwenye geti alisema hana shida, nguzo zake za saruji zilikuwa bado hazijakauka. Mwenye kitanda alinung'unika kidogo, akakubali alipotajiwa saa kamili. Kwa maoni yangu, mteja hachukii kungoja kama anavyochukia kuambiwa "njoo kesho" siku nne mfululizo. Ratiba iliyoandikwa humwezesha fundi kusema kweli.

Je, ilienda sawa? Madawati yalitoka siku ya pili jioni. Siku ya tatu stima ilipotea kwa muda wa saa 3, kazi yote ikaisha saa ya 26 badala ya 23. Lakini kwa foleni ya zamani, hata stima isingepotea, ingekuwa 31.

KUTOKA KARAKANA HADI KIWANDA

Labda unasema, "Kama ni rahisi hivyo, wahandisi wanatafiti nini?" Ngoja nikwambie. Kanuni hii ni ya mashine mbili. Mashine zikiwa tatu au zaidi mambo yanageuka. Mwaka 1976 watafiti walithibitisha kuwa tatizo la mashine tatu limo katika kundi la matatizo magumu ambayo mpaka leo hakuna aliyeyapatia njia ya haraka inayotoa jibu bora kila mara.

Kwa nini usijaribu tu kila utaratibu? Kazi 5 zina taratibu 120. Kazi 10 zina taratibu 3,628,800. Ukijaribu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya siku 42! Sasa fikiria viwanda vya mjini Thika. Katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, ambako Volkswagen Polo Vivo ilianza kuunganishwa Desemba 2016, gari hupitia vituo vingi kabla ya kutoka mlangoni. Kwa mananasi ya kusindikwa kuna taabu nyingine: nanasi likishavunwa haliongezeki utamu, linaelekea kuoza tu, kwa hivyo foleni haiwezi kungoja.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na kazi yake huitwa uigaji. Mhandisi anajenga kiwanda cha kuigiza ndani ya kompyuta, anakipa kazi, anazima stima ya kuigiza, anaona kinachotokea. Vivyo hivyo kwa roboti. Tangu roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ianze kazi katika kiwanda cha General Motors nchini Marekani mwaka 1961, mikono hiyo ya chuma imezidi kuwa na nguvu, na mkono kama huo ukikosea njia unavunja mashine au mtu. Basi unajaribiwa kwanza kwenye skrini.

Wanaochunguza mwendo wa maji walijaribu kwa mfano mdogo kabla ya kompyuta kuwapo. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, huko Manchester, Uingereza, alipitisha maji katika bomba la kioo akaongeza uzi mwembamba wa rangi. Maji yakienda polepole, uzi ulinyooka. Mwendo ulipozidi, uzi ulivurugika. Bomba moja la kioo likafundisha mambo ya mabomba mengi.

Masomo haya husomwa karibu nasi, pale Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Wenye ndoto za uhandisi, someni Hisabati na Fizikia kwa bidii. Na Kiswahili pia, kwani utamwelezaje fundi ratiba kwa lugha asiyoielewa?

ZOEZI

Katika mashine ya posho kuna wateja watatu. Kila mmoja anataka mahindi yake yakobolewe kisha yasagwe. Wa kwanza: kukoboa dakika 8, kusaga 5. Wa pili: kukoboa 3, kusaga 7. Wa tatu: kukoboa 6, kusaga 2. Panga foleni kwa kanuni ya Johnson, kisha linganisha na foleni ya waliofika.

Usichungulie kabla ya kujaribu! Jibu: wa pili, wa kwanza, wa tatu, dakika 19. Kwa foleni ya waliofika ni dakika 22.

Karatasi imekwisha, msomaji, lakini kalamu ya risasi unayo. Nyumbani kwenu au kwa jirani yenu kuna mtu mwenye kazi nyingi na mashine mbili. Mwulize saa ngapi, kisha chora.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu